Shajara ya 4,294,967,297, namba iliyojifanya tasa

Siku ya 1

Safari hii nimechukua namba moja tu, nikae nayo mpaka niijue. Ni 4,294,967,297: bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Ukiiandika kwa kizio cha kumi haina sura ya kukumbukwa. Iandike kwa kizio cha mbili uone: moja, sufuri thelathini na moja, kisha moja tena. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukaongeza 1.

Ina ukoo. Chukua 2, ipe kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kila mara ukiongeza 1. Utapata 3, 5, 17, 257, 65,537, halafu hii yetu. Zinaitwa namba za Fermat, na kwa kuwa huhesabiwa kuanzia sufuri, hii ni F5. Tano zilizoitangulia zote ni tasa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat aliandika kwamba anaamini zinazofuata nazo ni tasa, na akakiri kwamba uthibitisho hana. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba F5 inagawanyika kwa 641.

Jibu ninalo basi, kabla hata sijaanza. Ninachokitafuta ni kingine: namba hii iliwezaje kuonekana tasa, ni mlango upi unaoifichua na upi unaoiacha ipite, na mwisho niiweke kwenye mafungu yake yote nikijua sababu ya kila moja.

Siku ya 1, usiku

Nimegawanya kwa mkono, kwa kalamu na karatasi, maana sikutaka kuamini 641 kwa kuambiwa.

4294 kwa 641 ni 6, inabaki 448. Shusha 9: 4489 kwa 641 ni 7, inabaki 2. Shusha 6: 26, haiingii, andika 0. Shusha 7: 267, haiingii, andika 0 nyingine. Shusha 2: 2672 ni mara 4, inabaki 108. Shusha 9: 1089 ni mara 1, inabaki 448. Hapo nikasita, kwa sababu 448 nilishaiona mwanzoni kabisa. Mara ya kwanza iliyoshuka baada yake ilikuwa 9, ikawa 4489 na kubakiza 2. Safari hii ya kushuka ni 7, tarakimu ya mwisho: 4487. Na 641 mara 7 ni 4487 kamili. Baki sufuri.

Jibu 6,700,417. Tofauti ya 9 na 7 baada ya 448 ile ile ndiyo iliyoamua kila kitu.

Siku ya 2

Swali la leo: mtu angeifikaje 641 bila kujaribu tasa zote kuanzia 3? Zipo zaidi ya mia moja njiani, na kila moja ni kugawanya namba ya tarakimu kumi.

Tuseme tasa p inaigawa F5. Maana yake 2 kwa kipeo cha 32, ukiigawa kwa p, inaacha baki sawa na −1. Ukiipandisha kipeo cha pili unapata kipeo cha 64, na baki inakuwa 1. Kabla ya 64, kati ya vigawo vyake, hakuna kipeo kinachorudisha 1. Sasa, Fermat huyu huyu ametuachia kanuni yake ndogo: kipeo cha p − 1 nacho lazima kirudishe 1. Basi 64 lazima iigawe p − 1. Kigawo chochote tasa cha F5 kina umbo la 64 mara kitu, ongeza 1.

Ghafla orodha imekuwa fupi: 193, 257, 449, 577, 641. Nimezijaribu zote kwa mpangilio. 193 inaacha 109. 257 inaacha 2. 449 inaacha 325. 577 inaacha 288. 641 inaacha 0. Jaribio la tano tu.

Mwaka 1878 Édouard Lucas aliibana zaidi kanuni hii: kwa F5 umbo ni 128 mara kitu, ongeza 1. Hapo 193, 449 na 577 zinaanguka zenyewe, wanabaki 257 na 641. Hata 257 haina haja ya kujaribiwa, kwa sababu ni ndugu wa ukoo ule ule. Ukizidisha 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537 unapata 4,294,967,295, pungufu ya F5 kwa 2 tu. Kwa hiyo kila namba ya Fermat iliyotangulia inaacha baki ya 2, kama nilivyoona kwa 257. Ukianza na maarifa hayo, jaribio la kwanza kabisa ni 641, nayo inaingia.

Njia hiyo hiyo imenithibitishia kwamba 6,700,417 ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na chini ya hapo tasa za umbo la Lucas, ukiacha 257, ni nne: 641, 769, 1153 na 1409. Baki zake ni 44, 120, 334 na 622. Hakuna sufuri. Kazi iliyokwisha kwa ukurasa mmoja.

Siku ya 4

Nimeanza programu. Kazi yake ya kwanza ni kuipima F5 bila kutafuta kigawo: chagua namba ndogo, ipandishe kipeo cha F5 − 1, ugawe kwa F5, tazama baki. Kama F5 ni tasa, baki lazima iwe 1. Kama baki si 1, F5 si tasa, hata kama hatujui inagawanyika kwa nini.

Kabla ya kipimo chochote nilichapisha F5 yenyewe kwenye skrini. Ikatoka 1.

Nilikuwa nimeiweka kwenye chombo cha biti 32. Chombo hicho kinaishia 4,294,967,295, kikipita hapo kinarudi sufuri na kuanza upya. F5 inakipita kwa hatua mbili: moja inaifikisha sufuri, ya pili inaifikisha 1. Nimehamia biti 64, zisizo na alama ya hasi.

Siku ya 5

Kipimo kwa 2 kimetoa baki ya 0. Si 1, kwa hiyo F5 si tasa. Nikaandika kwenye daftari: «kipimo cha 2 kimeikamata». Nikafunga kazi nikiwa nimeridhika.

Siku ya 6

Nimefuta sentensi ya jana.

Mwenzangu ninayesoma naye aliuliza swali fupi: «Ndugu yangu, baki ya sufuri imetoka wapi?» Sikuwa na jibu. Baki ya sufuri ina maana kwamba F5 inaigawa 2 kwa kipeo fulani. Lakini vigawo vya namba kama hiyo ni 2, 4, 8, 16 na kuendelea, zote shufwa isipokuwa 1, na F5 ni witiri. Haiwezekani. Programu ilisema «si tasa», na F5 kweli si tasa, lakini programu haikuwa imejua lolote.

Nimeifuata hatua kwa hatua. Inaanza na 2, kila hatua inapandisha kipeo cha pili: 4, 16, 256, 65,536. Hatua ya tano inatoa 4,294,967,296, ambayo ni F5 − 1, yaani baki ya −1. Ni baki kubwa kuliko zote zinazowezekana. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2 kwa kipeo cha 64. Na chombo cha biti 64 kinaishia namba moja kabla ya hapo! Kilifurika kwa moja tu, kikarudi sufuri, na sufuri mara sufuri ikaendelea kuwa sufuri mpaka mwisho.

Kinachonigusa ni hiki: katika baki zote zaidi ya bilioni nne, ni moja tu ambayo kipeo chake cha pili hakienei kwenye biti 64. Ni hiyo hiyo −1, na −1 ndiyo inayobeba habari yote ya kipimo hiki. Ningepima kwa namba nyingine nyingi nisione kosa kamwe. Nilipima kwa 2, nikaliona, na bado nilikuwa karibu kulipita kwa sababu jibu lilifanana na nililolitarajia.

Siku ya 7

Nimerekebisha: kuzidisha kunafanyika kwenye biti 128. Kipimo kwa 2 kimetoa baki ya 1.

F5 imepita. Kwa macho ya 2, namba hii ni tasa.

Huu sasa ni ukweli wa hisabati, si kosa la kompyuta. Namba isiyo tasa inayopita kipimo hiki huitwa tasa bandia kwa namba iliyopimwa nayo. F5 ni tasa bandia kwa 2, tena hata ukikaza kipimo, ukadai kwamba kabla ya kufika 1 lazima ipite kwenye −1, bado inapita, maana −1 ipo pale hatua ya tano. Sababu ni ile ya siku ya 2: kipeo cha 64 kinarudisha 1, na F5 − 1 ni 2 kwa kipeo cha 32, namba inayogawanyika kwa 64 bila shida. Ukoo wote wa Fermat unapita mlango huu, tasa na zisizo tasa pamoja. Kuipima F5 kwa 2 ni kumuuliza mzazi kama mwanawe ni mwema.

Siku ya 8

Nilitaka kujua 2 ni mdanganyifu wa kawaida au wa nadra. Idadi ya namba zinazodanganywa hivi inaweza kuhesabiwa bila kujaribu hata moja. Kwa kila kigawo tasa unatoa 1, kisha unatafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika kati ya jibu hilo na F5 − 1. Kwa 641: 640 na 2 kwa kipeo cha 32, KKS ni 128. Kwa 6,700,417: 6,700,416 ni 128 × 52,347, na 52,347 ni witiri, KKS ni 128 tena. Zidisha: 16,384.

Namba zilizo chini ya F5 na zisizoshirikiana nayo kigawo ni 640 × 6,700,416, yaani 4,288,266,240. Gawa kwa 16,384, inatoka kamili: 261,735. Kwa hiyo katika kila namba 261,735 kama hizo, ni moja tu inayodanganyika kuhusu F5, kwa wastani. Na 2, namba ambayo mtu yeyote angeanza nayo, imo humo.

Siku ya 9

Kipimo cha Pépin, cha mwaka 1877, kimetengenezwa kwa ajili ya ukoo huu. Kinatumia 3 badala ya 2: ipandishe 3 kipeo cha nusu ya F5 − 1, yaani 2 kwa kipeo cha 31. F5 ni tasa ikiwa baki ni −1, na si tasa ikiwa ni kitu kingine chochote. Hakina «huenda».

Ni kupandisha kipeo cha pili mara 31. Inaanza kwa utulivu: 9, 81, 6,561, 43,046,721. Ya tano inaruka, 3,793,201,458, na kuanzia hapo baki hazina utaratibu wowote ninaouona. Ya mwisho: 10,324,303. Si 4,294,967,296. F5 si tasa, na safari hii najua kwa nini naamini.

Nimerudia hatua moja zaidi kwa mkono kujihakikishia. 10,324,303 kwa kipeo cha pili ni 106,591,232,435,809. Ondoa F5 mara 24,817, inabaki 3,029,026,160. Programu inasema hivyo hivyo. Tarakimu kumi, zote zimekubaliana. Nimekaa nikizitazama kwa muda.

Kipimo hiki hakitaji 641 mahali popote. F20 na F24 zimethibitishwa kwa njia hii hii kwamba si tasa, na mpaka leo hakuna aliyepata kigawo cha yoyote kati ya hizo mbili.

Siku ya 12

Mlango niupendao kuliko yote niliuacha nyuma. F5 ni jumla ya vipeo viwili vya pili, inaonekana bila kutafuta: 65,536 kwa kipeo cha pili, ongeza 1 kwa kipeo cha pili. Namba tasa ikiwa ni jumla ya namna hiyo, huwa hivyo kwa njia moja tu. Euler alilitumia jambo hili kuzipima namba. Ukipata njia ya pili, umeshajua namba si tasa, na zaidi ya hapo vigawo vyenyewe vimo ndani ya zile njia mbili.

Programu ilipita kuanzia 1 mpaka 46,340, ikitafuta namba ambayo ukiondoa kipeo chake cha pili kwenye F5 inabaki kipeo cha pili kamili. Ikachapisha mistari miwili:

1 na 65,536
20,449 na 62,264

Mstari wa pili nimeuhakiki: 418,161,601 ongeza 3,876,805,696, jumla 4,294,967,297. Kando ya daftari nimeandika kwamba 20,449 ni 143 kwa kipeo cha pili. Sidhani kama kuna siri ndani yake, ila imenifurahisha.

Sasa kukamua. Witiri kwa witiri: 20,449 − 1 ni 20,448, na 20,449 + 1 ni 20,450. Shufwa kwa shufwa: 65,536 − 62,264 ni 3,272, na jumla yake ni 127,800. KKS ya tofauti mbili, 20,448 na 3,272, ni 8. KKS ya jumla mbili, 20,450 na 127,800, ni 50. Nusu zake ni 4 na 25. Vipeo vyake vya pili ni 16 na 625.

16 + 625 = 641.

Na kingine? Gawa tofauti zile kwa 8: 2,556 na 409. Vipeo vya pili: 6,533,136 na 167,281. Jumla 6,700,417.

Hakuna mahali nilipogawanya F5 kwa kitu chochote. Namba yenyewe imejieleza mara mbili, na mahali maelezo mawili yalipopishana ndipo vigawo vilipokuwa. Nimefanya hesabu hii mara tatu leo, mara mbili za mwisho bila haja yoyote.

Siku ya 13

Mafungu, haraka haraka, maana mengi yanafuata moja kwa moja kutoka 641 × 6,700,417.

Nusu-tasa, yaani zao la tasa mbili. Haina kipeo cha pili ndani yake. Vigawo vyake ni vinne tu, yenyewe ikiwemo. Jumla ya vigawo bila yenyewe ni 6,701,059, karibu sehemu moja tu kati ya 641 ya F5, kwa hiyo ni namba pungufu, na ni pungufu sana. Kwa kizio cha mbili inasomeka sawa kutoka pande zote mbili.

Yale mafungu ya kujumlisha tarakimu nayo nimeyapitia. Tarakimu zake zinafika 59, na 59 haiigawi. Tarakimu za vigawo vyake ni 11 na 25, jumla 36, hazilingani na 59. Ukijumlisha vipeo vya pili vya tarakimu unapata 417, halafu 66, 72, 53, 34, 25, 29, 85, 89, na 89 imo kwenye mduara usiofika 1, kwa hiyo si namba ya furaha. Nimeyaandika ili orodha ikamilike. Kwa maoni yangu hayaelezi namba hii, yanaeleza vidole vyetu kumi.

Pembetatu mraba ni habari nyingine. Kwa kuwa F5 ni 65,536 kwa kipeo cha pili ongeza 1, inakuwa upande mrefu wa pembetatu mraba ambayo pande zake nyingine ni 131,072 na 4,294,967,295. Pande zote tatu ni namba kamili: 2 kwa kipeo cha 17, F5 yenyewe, na F5 ukiondoa 2. Pembetatu nyembamba kama uzi.

Siku ya 14

Majirani wawili wa chini wanajulikana kuliko F5. 4,294,967,296 ni idadi ya anwani zote zinazowezekana katika mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, wa biti 32. 4,294,967,295 ni kikomo cha kile chombo kilichonitolea 1 siku ya 4.

Hiyo ya pili ndiyo ile 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, zao la tasa zote za Fermat zinazojulikana. Carl Friedrich Gauss alionyesha kwamba umbo lenye pande sawa linaweza kuchorwa kwa bikari na rula tupu ikiwa idadi ya pande zake inatokana na tasa za Fermat zisizojirudia, ukizidisha kwa 2 mara upendavyo. Kwa hiyo umbo lenye idadi witiri ya pande, kubwa kuliko yote tunayojua linachorika, lina pande 4,294,967,295. F5 ingekuwa tasa, kikomo hicho kingesogea mbali. Imezuiwa na 641.

Siku ya 17

Nimegeuza programu ielekee F6, 2 kwa kipeo cha 64, ongeza 1. Njia ya vipeo viwili vya pili ingenilazimu kupita mpaka 3,037,000,499, nimeiweka kando kwanza. Kanuni ya Lucas hapa inadai 256 mara k, ongeza 1. Nimeanza na k ikiwa 1, nikichapisha baki kila hatua ili nizione, si kusubiri jibu la mwisho tu.

Mistari imepita mingi. Kwenye k ya 1,071, kigawo 274,177, baki ikawa 0. Safari hii nimeuliza kwanza sufuri imetoka wapi: namba kubwa kuliko zote zilizozidishwa njiani haifiki bilioni 76, chombo kinatosha. Nimechukua karatasi, nimeanza kugawanya kwa mkono.